Miguel Hernández: mchunga mbuzi, askari na mfungwa. Je, siasa iliua ushairi wake?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Katika uzi uliopita kuhusu mashairi ya kampeni, mzee wetu mmoja aliandika kwamba shairi likishachukua kadi ya chama limekwisha kuwa shairi. Kauli hiyo imenikaa kichwani, kwa sababu namfahamu mshairi mmoja wa Kihispania aliyejiunga na Wakomunisti, akavaa sare, akasoma beti zake kwa kipaza sauti mbele ya mahandaki, akafungwa, na akafia gerezani akiwa na umri wa miaka 31. Katika mashairi yake yamo yanayomuunga mkono mzee wetu na yamo yanayompinga waziwazi. Naomba tumsome kwanza, kisha tubishane.

Miguel Hernández alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1910 huko Orihuela, mkoa wa Alicante, kusini-mashariki mwa Hispania, mji wa makanisa mengi uliozungukwa na mashamba ya michungwa na mindimu yanayonyweshwa na mto Segura. Baba yake alifuga na kuuza mbuzi. Niweke jambo moja sawa mapema: ile picha ya mchungaji asiyejua kusoma, aliyeshukiwa na ushairi malishoni kama umande, ni hadithi tu, na yeye mwenyewe aliichochea kidogo alipoona inawavutia watu wa mjini. Alisoma katika shule ya Wajesuiti ya Santo Domingo, pamoja na watoto wa wenye mali, hadi alipokaribia miaka 15, ndipo baba yake akamtoa ili akachunge. Aliionja shule kisha akanyang'anywa, na uchungu huo unasikika katika kila alichoandika baadaye kuhusu watoto wanaofanyishwa kazi.

Malishoni aliendelea kusoma vitabu vya kuazima, vingine vikitoka kwa kasisi wa kanisa kuu la mji, Luis Almarcha. Rafiki yake José Marín, aliyejulikana kwa jina la kalamu la Ramón Sijé, naye alimwongoza kwa washairi wa karne ya 16 na ya 17 kama Garcilaso na Góngora. Kitabu chake cha kwanza, *Perito en lunas*, yaani mjuzi wa miezi, kilitoka Murcia mwaka 1933. Kina beti 42, kila ubeti mistari minane ya mizani 11, na kila ubeti ni fumbo: tikiti, kisima au mtende huelezwa bila kutajwa. Hata vichwa vya beti viliondolewa kitabuni, kwa hiyo msomaji hana budi kutegua mwenyewe. Nadhani mtu aliyekulia kwenye vitendawili angekipokea kitabu kile vizuri kuliko walivyokipokea wahakiki wa Hispania, ambao wengi wao walinyamaza. Kijana akamwandikia mshairi mashuhuri Federico García Lorca, waliyekuwa wamekutana Murcia, akilalamika kwamba amepuuzwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mwanangu, mzee unayemsema ni mimi, na kauli yangu sijaifuta. Umeeleza utoto na mafumbo, na hadi hapa sioni siasa yoyote. Tueleze aliingiaje huko, maana nijuavyo mimi, wengi wa washairi hao huingia kwa kufuata marafiki, wala si kwa dhiki ya wananchi.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki, na jibu lake ni kwamba marafiki walikuwamo kweli, tena walivutana juu yake.

Sijé alikuwa Mkatoliki wa msimamo mkali, mwenye jarida lake la dini na fasihi pale Orihuela, na Hernández wa mwaka 1934 aliandika mchezo wa kidini wa mtindo wa kale, wa dhambi na ukombozi. Lakini wakati huohuo alikuwa amekwisha kwenda Madrid, mara ya kwanza mwishoni mwa 1931, akakosa kazi na kurudi kwao, kisha akaenda tena na kupata kibarua kwa José María de Cossío, aliyekuwa akiandaa kitabu kikubwa cha maarifa ya mchezo wa mafahali. Huko akafahamiana na washairi Vicente Aleixandre na Pablo Neruda, ambaye alikuwa konseli wa Chile. Neruda alimwandikia bila kumung'unya maneno kwamba jarida la Sijé linanuka ubani wa kanisa kupita kiasi. Ni Neruda huyohuyo aliyesimulia baadaye jinsi kijana alivyompandia juu ya mti wa Madrid ili amwigizie mlio wa ndege ambaye Chile hayuko, na jinsi alivyomweleza utamu wa kuweka sikio kwenye tumbo la mbuzi aliyelala na kusikia maziwa yakiteremka kwenda kwenye kiwele.

Mkesha wa Krismasi wa 1935 Sijé alifariki ghafla, akiwa na miaka 22, wakati urafiki wao umeshapoa kwa sababu ya tofauti hizo. Hernández akamwandikia mbolezi ambayo mpaka leo Wahispania wengi wanaijua kwa moyo, akisema anataka kuichimba ardhi kwa meno mpaka amfikie rafiki yake. Hakuna neno la siasa ndani yake, na mimi naiona kuwa miongoni mwa mbolezi kubwa za lugha ile. Iliingizwa katika *El rayo que no cesa*, kitabu cha soneti za mapenzi kilichotoka Januari 1936.

Mwezi huohuo, karibu na Madrid, askari wa Guardia Civil, yaani polisi wa kijeshi wa Hispania, walimkamata kwa kuwa hakuwa na kitambulisho. Alikuwa amevaa kikulima, na hilo lilitosha kumtilia shaka. Walimpiga kituoni. Waandishi wenzake, Lorca na Neruda wakiwamo, walitia sahihi barua ya kulalamika gazetini. Kwa hiyo, mzee wangu, marafiki walimfungulia mlango, lakini kofi la kituoni ndilo lililomsukuma ndani.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na ningependa kusikia habari za arudhi yake, yaani kanuni zake za mizani na vina. Umetaja mizani 11 na soneti. Je, alipoanza kuandika kwa ajili ya askari na wakulima aliendelea na bahari hizo za wasomi, au alibadili? Nauliza kwa sababu kwetu sisi ubishi wa siasa na ushairi umekuwa mara nyingi ubishi wa umbo: kwamba ukitaka umma ukusikie, uandike kwa bahari ambayo umma unaiimba.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, umegusa palepale nilipotaka kufika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Julai 1936, majenerali walipoiasi serikali ya Jamhuri. Lorca aliuawa Agosti mwaka huo karibu na Granada. Hernández alijiandikisha kama askari wa kawaida katika Quinto Regimiento, kikosi kilichoundwa na Wakomunisti, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchimba mahandaki. Baadaye alipewa kazi ya utamaduni na uhamasishaji, akawa anawasomea askari mashairi. Na ndiyo, alibadili bahari. Sehemu kubwa ya *Viento del pueblo*, yaani upepo wa umma, kilichotoka 1937, imeandikwa kwa mistari ya mizani minane, ambayo ndiyo mizani ya nyimbo na tenzi za kale za Kihispania zinazoitwa *romance*.

Sasa angalia ajabu hii. Shairi lake maarufu zaidi la wakati huo linamhusu mtoto anayelimishwa kwa jozi ya wanyama wa plau. Kila ubeti una mistari minne ya mizani minane. Mstari wa kwanza na wa tatu hushirikiana kina kimoja, wa pili na wa nne kina kingine. Ukiiandika mistari hiyo miwiliwili katika mstari mmoja, unapata mishororo miwili ya mizani 16, yenye vina vya kati na vya mwisho, yaani nusu ya ubeti wa shairi letu la tarbia. Sidai kwamba kuna undugu wa nasaba. Zaidi ya hayo, Wahispania huhesabu mizani kwa kanuni zao: irabu mbili zinazokutana kati ya maneno huunganishwa, na hesabu ya mwisho hutegemea mkazo. Hata hivyo sikio la Mswahili halipati taabu. Nimejaribu kuuleta ubeti wa kwanza:

*Nyama ya nira kazawa, duni kuliko mzuri,*
*shingo yake yaviziwa, na nira iliyo shari.*

Nakiri kwamba neno "shari" nimelichomeka ili kina kikae. Yeye anarudia tu maneno "shingo" na "nira" kwa kuyageuza mahali, mpaka unahisi vitu hivyo viwili vinatafutana.

Shairi linaendelea hivyo, mtoto akiyahisi maisha kuwa ni vita na kulijua jasho kabla hajajua kuhesabu miaka yake, mpaka linauliza nyundo ya kuvunja mnyororo huu itatoka wapi, na kujibu kwamba itoke mioyoni mwa vibarua, ambao kabla ya kuwa watu wazima walikuwa watoto wa plau. Mstari huo wa mwisho una msimamo wa kisiasa usiofichika. Hata hivyo hakuna chama ndani yake wala kiongozi. Kuna mtu aliyetolewa shuleni akachunge, na anajua anachokisema.

Mchangiaji wa tatu

Nimekulia Usukumani, na nimemswaga maksai kabla sijafikisha miaka kumi. Mtoto hutangulizwa mbele akishika kamba, mkubwa hushika plau nyuma, na mjeledi ukikosa mgongo wa ng'ombe hukupata wewe. Sikujua kwamba mtu aliwahi kuliandikia jambo hili shairi. Naomba kuuliza jambo ambalo huenda ni la pembeni: huyu bwana alipigania upande wa Jamhuri, je, upande huo haukuwa na damu mikononi? Maana nyuzi nyingi za humu humfanya kila mshairi wa kushoto kuwa mtakatifu.

Mwanzisha uzi

Si la pembeni hata kidogo, ndugu yangu, na kwake lilikuwa la nyumbani. Mchumba wake, Josefina Manresa, fundi cherehani wa Orihuela, alikuwa binti wa askari wa Guardia Civil, na baba huyo aliuawa na wanamgambo wa upande wa Jamhuri mwezi Agosti 1936. Hernández alijua hivyo, akaomboleza na familia ile, akaendelea kupigana upande uleule, na tarehe 9 Machi 1937 akamwoa Josefina kwa ndoa ya kiserikali. Mimi sijui mshairi mwingine ambaye siasa yake ilijaribiwa sebuleni kwa namna hiyo.

Na hapa namrudia mzee wetu, kwa sababu sasa nafika kwenye haki yake. Septemba 1937 Hernández alipelekwa Urusi katika ujumbe uliokwenda kutazama tamthilia za Kisovieti. Alirudi na mashairi ya kuisifu nchi ile, viwanda vyake na Stalin, katika mwaka ambao Stalin alikuwa akiwaangamiza raia wake kwa maelfu. Nimeyasoma mara kadhaa nikitafuta cha kuyatetea. Ni mashairi makubwa kwa sauti na madogo kwa kila kitu kingine. Chuma kinang'aa, trekta zinanguruma, na hakuna mtu ndani yake anayetoka jasho. Ukiyaweka kando ya lile la mtoto wa plau, au lile alilowaandikia wachumaji wa zeituni wa Jaén mwaka huohuo, akiwauliza ni nani aliyeiinua mizeituni na kujibu kwamba haikuinuliwa na pesa wala na bwana shamba bali na ardhi iliyonyamaza, kazi na jasho, utadhani ni watu wawili walioandika. Zeituni alizijua. Kiwanda alionyeshwa na wenyeji wake.

Kitabu chenye mashairi hayo ya Urusi, *El hombre acecha*, yaani mtu anavizia, kina pia mambo tofauti kabisa, kwa sababu katikati ya kukiandika upande wake ulianza kushindwa vitani na mwanawe wa kwanza akafa Oktoba 1938, kabla hajafikisha mwaka. Sauti inashuka. Treni ya majeruhi inapita usiku bila mwisho. Mtu anamvizia mtu. Kilikuwa kimechapwa Valencia mwaka 1939 na kusubiri kujalidiwa wakati jeshi la Franco, jenerali aliyewaongoza waasi, lilipoingia na kuziharibu nakala. Mbili zilisalimika, na kitabu hakikupata kusomwa kwa ukamilifu wake nchini Hispania mpaka 1981.

Mchangiaji wa kwanza

Basi tumekubaliana kuhusu matrekta. Endelea na hayo ya gerezani, lakini usitutoe machozi, sisi si watoto.

Mwanzisha uzi

Vita viliisha tarehe 1 Aprili 1939. Mwishoni mwa mwezi huo alijaribu kukimbilia Ureno kwa miguu. Huko aliuza saa ya mkononi aliyozawadiwa na Aleixandre siku ya harusi yake, na mkulima fukara mwenye saa ya thamani akashukiwa kuwa mwizi. Polisi wa Ureno walimkabidhi kwa Guardia Civil mpakani, Rosal de la Frontera, ambako alipigwa sana. Akaishia gereza la Torrijos, Madrid.

Akiwa humo, Septemba 1939, alipata barua ya mkewe. Mtoto wao wa pili, Manuel Miguel, aliyezaliwa Januari mwaka huo, alikuwa na miezi minane, na Josefina aliandika kwamba hana chakula isipokuwa mkate na kitunguu. Hernández akajibu kwamba harufu ya kitunguu anachokula mkewe inamfikia hata huko aliko, na kwamba mtoto lazima atakasirika kunyonya maji ya kitunguu badala ya maziwa. Basi ili ambembeleze, anamtumia vibeti alivyomtungia. Vibeti hivyo ni *Nanas de la cebolla*, bembelezi za kitunguu. Ni beti 12, kila mmoja mistari saba ya mizani saba na mitano ikipishana, bahari ya nyimbo na ngoma za watu wa kawaida, nyepesi kama pumzi ya mtoto. Kitunguu ni sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, iliyojifunga na iliyo fukara. Mtoto yuko kwenye susu ya njaa, akinyonyeshwa damu ya kitunguu. Kisha baba anamwomba acheke, kwa sababu kicheko chake humfungua minyororo na kumwondolea upweke, na anayataja meno yake matano ya kwanza kuwa ni makali madogo matano. Mwishoni anamwambia aruke, asianguke, asijue kinachotokea.

Hakuna Franco humo wala Jamhuri, na neno lenyewe "gereza" linapita kama jambo dogo. Walakini kila anayelisoma anajua kwa nini mama yule hakuwa na maziwa, na nani aliyemtenga baba na susu ile. Kama siasa huua shairi, hili lingezikwa mwaka 1939.

Aliachiwa ghafla katikati ya Septemba hiyo, pengine kwa mkanganyiko wa makaratasi, akarudi kwao kumwona mwanawe badala ya kutoroka. Wenyeji wa Orihuela walimtambua, akakamatwa tena kabla mwezi haujaisha. Januari 1940 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Baadaye adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 30, baada ya watu kadhaa, Cossío akiwamo, kumwombea, na pia kwa sababu utawala haukutaka kuwa na Lorca wa pili. Alihamishwa Palencia, Ocaña, na mwisho Alicante, karibu na mkewe. Maradhi, hasa kifua kikuu, yalimmaliza. Serikali mpya haikuitambua ndoa yake, kwa hiyo Machi 1942 walifungishwa ndoa ya kanisani akiwa kitandani katika zahanati ya gereza, na tarehe 28 mwezi huo, alfajiri, akafariki.

Mchangiaji wa pili

Umenikumbusha Abdilatif Abdalla na mashairi aliyoyaandika kwenye karatasi za chooni katika jela za Kenya kati ya 1969 na 1972, yaliyotoka baadaye kama *Sauti ya Dhiki*. Naye pia, ukisoma vizuri, yale yanayokaa moyoni zaidi ni ya mtu na watu wake. Je, Hernández aliachiwa kalamu huko ndani?

Mwanzisha uzi

Karatasi zilezile, dada yangu. Akiwa Alicante alimwandikia mwanawe hadithi za watoto kwenye karatasi za chooni, mojawapo ikimhusu farasi mdogo mweusi anayewapeleka watoto kwenye mji mkubwa wa ndoto, na mfungwa mwenzake akazishona na kuzichorea picha. Mashairi yake ya mwisho alikuwa akiyaweka katika daftari, ambalo Josefina alilitunza katika miaka ambayo jina la mumewe halikutamkwa hadharani, huku akijikimu kwa cherehani mjini Elche. Yalichapishwa Buenos Aires mwaka 1958. Ni mafupi mno. Moja linasema tu kwamba vita ni vya huzuni kama lengo lake si upendo, silaha ni za huzuni kama si maneno, na watu ni wa huzuni kama hawafi kwa upendo. Linganisha na matrekta.

Mwaka 1972 mwimbaji Joan Manuel Serrat alitoa santuri nzima ya mashairi yake, Franco akiwa bado hai, na ndipo Hispania nzima ikajifunza kumwimba. Leo chuo kikuu cha Elche na uwanja wa ndege wa Alicante vina jina lake, na shairi la wachumaji wa zeituni ni wimbo rasmi wa mkoa wa Jaén. Hukumu yake hata hivyo mahakama haikuifuta: mwaka 2011 Mahakama Kuu ilikataa kuipitia upya ombi lilipoletwa na familia, kwa hoja kwamba sheria ya kumbukumbu ya 2007 ilikwisha kuitangaza kuwa si ya haki wala si halali. Yule mtoto wa kitunguu, Manuel Miguel, alifariki mwaka 1984, miaka mitatu kabla ya mama yake.

Mchangiaji wa tatu

Nimeukariri ule ubeti wako nikiwa njiani, na "shari" inanikwaza kila nikifika. Nira haina shari, ndugu. Niliishika. Inakaa tu pale ukutani ikikungoja asubuhi. Kwa nini usiseme "na nira ikisubiri"? Mizani ni ileile minane.

Mchangiaji wa kwanza

Huyu kasema kweli. Badilisha.

Mwanzisha uzi

Nimebadilisha, wazee wangu. Sasa unasomeka hivi:

*Nyama ya nira kazawa, duni kuliko mzuri,*
*shingo yake yaviziwa, na nira ikisubiri.*